Tulipomwacha Pareto Akosee

Najua mtacheka mkisikia nimejiita mstaafu. Nina miaka ishirini na minane na magoti yangu bado hayajaanza kulalamika. Lakini mkataba wangu katika jarida la Sita wa Bonde umeisha, meza yangu mtaikalia nyinyi kuanzia Jumatatu, na Chebet, mchoraji wetu, ameshaamua kwamba mtu akiondoka kwenye meza ya katuni amestaafu, hata kama bado ana meno ya maziwa. Ni yeye aliyesema niwaandikie. Nilipomuuliza niandike nini, alisema, "Andika kazi. Mambo ya mshahara watajionea wenyewe, wasije wakakimbia mapema." Kwa hiyo mshahara siutaji. Vyeo navyo siwezi kuvitaja, kwa sababu tulikuwa watu watatu katika chumba kimoja na hapakuwa na pa kupandia.

Kwa ambaye hajawahi kulishika, hili ni jarida la katuni la watoto na vijana. Hutoka kila muhula, hupelekwa kwenye shule na maktaba ndogo za makanisa kuanzia Molo hadi Naivasha, na muhula ukiisha nakala hukusanywa zikapelekwa kwingine. Hadithi ni ya mashujaa sita wanaoishi pamoja mlimani na kupata nguvu zao kutoka ardhi ya huku kwetu. Mvuke hutoka pale ardhi inapochemka, na husukuma mawe kwa pumzi. Kioo ana ngozi ya lile jiwe jeusi linalong'aa; hukata chochote, lakini akianguka vibaya hupasuka. Pareto ni binti wa mashamba ya pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, na wadudu wote humkimbia. Magadi, Ukungu na Upepo mnaweza kuwakisia kwa majina yao.

Siku ya kwanza nilifika mtaa wa Section 58, ofisi ilipo, mapema mno, nikazunguka mtaa nikiogopa kuonekana nimefika mapema mno. Ofisi ni ile ile mtakayoikuta, chumba cha nje kilichokuwa cha kuegesha gari, na alama ya mafuta bado iko sakafuni chini ya meza ya Oti. Oti ndiye anayepaka rangi na kuandika maneno ndani ya viputo vya usemi. Alinitazama nilivyokumbatia faili langu la chuo akasema, "Niaje, graduate. Umekuja kuandika ama umekuja kufanya mtihani?" Nilijibu kwamba nimekuja kuandika, kwa sauti ya mtu aliyekuja kufanya mtihani.

Chebet alikuwa amenipa mgongo, anachora. Nilimsalimia, "Habari ya asubuhi, madam."

"Madam yuko Milimani, kwa kamati," akasema bila kugeuka. "Mimi ni Chebet. Kaa hapo, na usiguse wino."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja: Kioo anavuka mto. Niliandika kurasa tatu za maelezo. Katika fremu ya kwanza Kioo alikuwa anaamka, anakumbuka utoto wake, na anatembea kuelekea mtoni akiwa na hofu ambayo hataki wenzake waijue. Chebet alisoma akiwa ameshika brashi kwa meno. Kisha akaniambia kwamba nimemwagiza vitu vitatu ndani ya kisanduku kimoja, na yeye ana mkono mmoja wa kuchorea na Kioo ana uso mmoja, kwa hiyo nichague. Nilichagua hofu. Akauliza, hofu inafanya nini? Nikasema inamfanya asimame kabla ya kukanyaga maji. "Haya, hiyo naweza kuchora," akasema. Hilo ndilo somo la kwanza na kwa kweli ndilo kubwa: fremu moja, tendo moja. Mkilisahau, mtalikumbushwa.

Vifaa mtavikuta. Kuna tableti yenye ufa kwenye kona, inafanya kazi ikiwa imepata usingizi wa kutosha. Kuna meza ya mwanga, ambayo ni kioo cha dirisha juu ya sanduku lenye taa, msiegemee. Kalamu za nibu ni za Chebet na hazikopwi. Oti ana zambarau nyingi kuliko anavyohitaji, na msipomwangalia kila machweo yatakuwa ya zambarau. Mimi nilikuwa na kifutio tu, na nilikitumia kuliko wote.

Sasa niseme ukweli kuhusu katuni yenyewe nilivyoikuta, kwa sababu mtairithi pamoja na uzuri na ubovu wake, na mimi ilinichukua muda mrefu kuthubutu kuutaja ubovu kwa sauti.

Uzuri wake wa kwanza ni ardhi. Hakuna mtu ninayemjua anayechora mvua ya mbali kama Chebet, ile inayosimama upande mmoja wa bonde huku upande wa pili watu wanaanika nguo. Ukitazama kivuli cha mti kwenye ukurasa wake unajua ni saa ngapi. Anapochora mtu anakimbia, unasikia changarawe. Na wale walioanzisha hadithi walifanya jambo la akili: kila nguvu ina ubaya wake. Mvuke akikasirika anachoma na wasiohusika. Ukungu anaficha wenzake lakini naye hawaoni. Mtoto anaelewa hayo bila kuelezwa.

Ubovu wa picha ulikuwa mikono. Chebet hakupenda kuchora mikono, na kwa kuwa ni mtu mwerevu alijenga ulimwengu mzima usio nayo. Mashujaa wetu walikuwa na mifuko mingi kuliko fundi wa stima. Walisimama na mikono nyuma kama wanafunzi waliovunja dirisha. Walipopigana, ngumi ilifunikwa na vumbi. Nilisoma matoleo yote ya zamani nikitafuta kidole, na nilipokipata kilikuwa cha adui.

Adui naye alikuwa ubovu wa maandishi. Wa kwanza alikuwa Vumbi, akafuata Ukame, akafuata Ufa, yule anayemeza barabara mvua ikinyesha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mama. Ni vigumu kumchukia vumbi kwa kurasa nyingi, na ni vigumu zaidi kumwogopa. Lakini walikuwa maadui salama, na usalama ndio uliokuwa unatafutwa, kwa sababu ya kanuni tuliyoiita mizani.

Mizani ilibandikwa nyuma ya mlango. Ilisema hakuna shujaa anayeongea kuliko mwenzake katika toleo moja. Hakuna shujaa mwenye jina la pili. Wazazi wao hawaonekani, maana mavazi au lafudhi ya mzazi ingeonyesha anakotoka. Wote wana kimo kimoja. Na wakikata shauri, wanakubaliana wote sita. Mnajua ni kwa nini. Jarida lilianza baada ya miaka ile mibaya, wakati katika bonde hili jina la pili la mtu, lile linaloonyesha kabila lake, lilitosha kumfanya afungashe vitu vyake.

Aliyeandika kanuni ile ni Mwalimu Rose, mwenyekiti wa kamati inayosimamia jarida, mwalimu mkuu mstaafu anayekaa mtaa wa Milimani kwenye nyumba iliyozungukwa na miti. Mara ya kwanza nilipopelekwa kwake kutambulishwa, chai ilikuja kwenye vikombe vyenye visahani na mimi nikatumia kikao kizima nikiwaza kama kijiko kinarudi kwenye kisahani au kinabaki ndani. Nilimuuliza, kwa uoga, kama watoto wataona kweli kwamba Upepo ameongea mara moja zaidi ya Magadi.

"Watoto watahesabu," alisema. "Na wasipohesabu wao, wazazi watawahesabia."

Chebet aliniambia baadaye kwamba katika miaka ile Mwalimu Rose alilaza familia nyingi kwenye ukumbi wa shule yake, na kila jioni aligawa unga mwenyewe mbele ya wote, ili asisikie mtu akisema fulani amependelewa. Kwa hiyo msiicheke mizani. Ilitoka mahali.

Shida ni kwamba mizani haikuwahi kupata mtumishi kama mimi. Nilihesabu viputo, kisha nikaanza kuhesabu maneno ndani ya viputo, kisha nikawaza kuhusu nani anasimama kushoto, kwa sababu anayesimama kushoto husomwa kwanza. Kila fremu niliagiza mashujaa wote sita. Chebet alikuwa na mlima mzima wa kuchora lakini alibaki anawapanga kama picha ya darasa la nane. Mvuke akisema twende, watano waliobaki ilibidi kila mmoja akubali kwa namna yake. Mpaka wamalize kukubaliana, Ukame ulikuwa umeshaisha wenyewe.

Hakuna aliyenilaumu. Kamati ilinisifu. Ndiyo maana nilishtuka tulipokwenda Karagita.

Lilikuwa wazo la Chebet. Alitaka kuona mtu akisoma, ajue macho yanakwama wapi. Tulikaribishwa Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, karibu na vile vyumba vya kupanga vya wafanyakazi wa mashamba ya maua, na watoto walikuja na wazazi waliokuwa na zamu ya mapumziko. Mmoja alikuwa mwanamke anayeitwa Mama Brayo, ambaye hupanga maua kwa urefu kabla hayajafungwa. Alimsomea mwanawe kwa sauti nzuri, akabadilisha sauti kwa kila shujaa, kisha katikati ya toleo akalifunga na kuliweka pajani.

Nilimuuliza kama limemchosha. Akasema hapana, ni zuri, karatasi ni nzito. Kisha akauliza, "Hawa wote wanakaa nyumba moja?"

"Ndiyo."

"Na hawajawahi kugombana?"

Nikasema hawajawahi, kwa fahari kidogo.

Akamtazama Chebet, akanitazama mimi. "Hapa kwa ploti yetu tuna mfereji mmoja, koki moja kwa vyumba vyote. Maji yakikuja asubuhi, mimi na Mama Shiro huwa tunaongea vibaya mpaka mnaweza kuita polisi. Jioni ananipea chumvi. Sasa hawa wenu, nguvu zote hizo, hata kwa maji hawajawahi kukasirikiana? Kwani wanaishi wapi, mbinguni?"

Chebet alicheka mpaka akaketi. Mimi niliandika maneno yale kichwani na yakakaa huko, yananisumbua, kwa sababu nilikuwa na jibu refu kuhusu mizani na nilijua halimjibu.

Muhula ulipoisha Mwalimu Rose alituita. Mezani aliweka rundo la nakala zilizorudi kutoka shuleni. Akatukabidhi tuzifungue. Zilikuwa safi. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana pembeni jinsi zilivyotoka kwa mchapishaji.

"Kitabu kilichosomwa kina alama za vidole," alisema. "Hizi naweza kuzirudisha dukani zikauzwa kama mpya." Kamati ilikuwa imejadili. Toleo moja zaidi, na likirudi likiwa safi hivi, Sita wa Bonde ingefungwa na chumba cha Section 58 kirudishwe kwa mwenyewe.

Kwangu mimi ingekuwa kazi imekwisha. Ningerudi kutuma maombi. Kwa Chebet ilikuwa kitu kingine. Aliwachora wale sita tangu ukurasa wa kwanza kabisa. Kabla yao alikuwa na shahada ya sanaa na kazi ya kuchora ng'ombe kwenye kuta za bucha. Tuliteremka kutoka Milimani kwa miguu, Chebet akitangulia, mpaka kwenye lango letu.

"Mimi sirudi kuchora ng'ombe," alisema. "Andika."

Nikaandika. Nilikuwa nimeamua watagombana, na watagombania maji. Hadithi ilikuwa hii: kiangazi kimekaza, mashujaa wana tangi moja mlimani, na tangi hilo hilo linapeleka maji kijiji cha chini. Mtu mmoja kati ya sita anafunga maji ya kijiji kwa ajili ya shida yake mwenyewe. Basi. Nilijua ni hadithi nzuri kwa sababu nilishindwa kula.

Lakini nani afunge? Kila nilipomwekea shujaa mmoja mkono kwenye mfereji, niliona uso wa mzazi fulani mahali fulani akisema, ndiyo, hao wa kwetu ndio mmewafanya wezi. Maana kanuni ya mizani, pamoja na uangalifu wake wote, haikuwahi kumdanganya mtu. Wasomaji walishawagawana mashujaa zamani. Oti aliambiwa na vijana wa bodaboda kwamba Magadi ni wao, kwa sababu ya anavyosimama. Kuhusu Mvuke hapakuwa na ubishi kabisa. Hatukuwapa jina la pili, wakajaziwa.

Basi nikafanya kile ambacho mtu aliyelelewa na mizani angefanya. Niligawa kosa. Mvuke aliufunga mfereji kidogo, Magadi akaukaza, Ukungu aliona akanyamaza, Kioo alisahau kuuliza, Upepo alichelewa, na Pareto alijua lakini alikuwa na shughuli. Kila mmoja alikosea kwa ukurasa mmoja na kuomba msamaha kwa ukurasa mmoja. Nilimpa Chebet nikiwa nimechoka na kuridhika.

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akaniambia polepole, "Umegawa makosa kama mahindi na maharagwe ya githeri ya shule. Kila mtu kijiko chake."

Oti alisema kutoka kwenye kona yake kwamba hata hiyo githeri ya shule huwa kuna msee anapata mahindi tupu.

Nilitembea mpaka nje nikasimama karibu na tangi letu la maji, ambalo lilikuwa tupu pia, na hilo halikunisaidia. Nilifikiri njia zote. Kura? Kura ya nani anakosea ingekuwa mbaya kuliko kosa. Shujaa mpya wa saba? Wangesema mgeni ndiye mbaya siku zote, na wangekuwa sahihi. Kila mlango niliofungua ulikuwa na mtu nyuma yake anayeweza kuumia. Ila mmoja. Nilirudi ndani.

"Ni Pareto," nikasema.

Chebet aliweka kalamu chini. Pareto ndiye aliyependwa kuliko wote, mwenye kanga ya njano na mzaha mdogo kila baada ya vita. Na kila mtu kutoka Molo mpaka Naivasha alishaamua Pareto ni wa akina nani. Ni wa akina mimi.

"Kama lazima mtu akosee," nikasema, "akosee wa kwetu."

Chebet aliichukua tena kalamu. Akasema basi na yeye atamzidishia Mvuke hasira mbaya, kwa kuwa huyo wanasema ni wa kwao, ili tuwe sawa.

"Hapana," nikasema. "Usigawe."

Nilisikia Oti akiacha kubofya.

Hadithi ikawa hivi. Pareto ana kitalu cha miche, mbegu ya mwisho ya mama yake. Inakauka. Mchana kweupe, wenzake wakiwa mbali, anateremka kwenye tangi na kuufunga mfereji wa kijiji. Anaweza kusema ni kwa siku moja. Kijijini wanaanza kwenda mbali kutafuta maji. Kioo anawasaidia kubeba, anateleza kwenye mawe, mkono wake unapata ufa. Mvuke analifuata bomba la maji mpaka kwenye tangi, anakuta mfereji umefungwa, na karibu yake kuna uzi wa njano. Mama yake Pareto anaonekana, kwa fremu moja, katika kumbukumbu. Alikuwa mzazi wa kwanza kuonekana katika jarida letu, na alivaa vile mama yangu huvaa akienda shambani.

Tatizo lililobaki lilikuwa mkono. Hadithi yote ilisimama juu ya fremu moja, Pareto akifunga mfereji. Chebet alichora mgongo wake. Akachora kivuli. Akachora shati lenye mkono mrefu sana. Oti alipita nyuma yake akauliza kwa upole, "Chebet, huyu anafunga maji na kiwiko?"

Chebet aliikunja karatasi ile. Jumamosi iliyofuata alichukua penseli na karatasi akarudi Karagita, nami nikamfuata. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya ule mfereji wa ploti na kuchora mikono ya kila aliyekuja kuteka. Mikono yenye mikwaruzo ya miiba, kucha zenye rangi iliyobaki nusu, kidole chenye plasta, mkono wa mtoto juu ya mkono wa mama wakizungusha pamoja kwa sababu mfereji ulikuwa mgumu. Michoro ya kwanza ilifanana na ndizi, na watoto walimwambia hivyo. Aliendelea. Mama Brayo alikaa muda mrefu akifungua na kufunga tena maji kwa ajili yake, mpaka majirani wakauliza kama ameingia siasa. Alikuwa na sharti moja, kwamba Pareto aolewe na Mvuke, kijana mwenye joto hivyo hatamwacha alale na baridi. Nilimwambia nitafikiria. Alisema anajua nitafikiria, inaonekana usoni, ila nifanye.

Mkono uliotoka ni ule mlioona. Unajaza ukurasa mzima. Una mkwaruzo, una udongo wa kitalu chini ya kucha, na vidole vimekaza hadi vifundo vimeng'aa. Hakuna uso. Ukiutazama unajua kwamba mwenye mkono huo anajua anachofanya.

Mimi nilikuwa nimeuandikia ukurasa ule maneno mengi. Kiputo cha kwanza kilieleza habari ya mbegu, cha pili kilieleza mapenzi yake kwa kijiji, cha tatu kilikuwa na majuto mapema. Nilikuwa naogopa kwamba bila maelezo watamhukumu. Kisha nikaona kwamba kwa maelezo yale yote hajakosea tena, ameteleza tu, na tumerudi kwenye ile mbingu ya Mama Brayo. Nikafuta cha tatu. Nikakaa nacho cha pili siku nzima. Mwishowe Oti akauliza aandike nini kwenye ukurasa huo, nikamwambia asiandike kitu. Ni ukurasa wa kwanza usio na neno katika historia ya jarida. Katika toleo hilo hilo Ukungu haongei kabisa, na sikuhesabu wengine.

Tulipeleka kurasa Milimani. Mwalimu Rose alizisoma akiwa amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Alipofika kwenye mkono alisimama. Alipofika kwa mama yake Pareto alisimama tena. Nilikuwa nimeandaa hoja saba na nilikuwa nazirudia kichwani zikiwa zinachanganyika.

"Nani aliamua awe Pareto?" akauliza.

"Mimi, Mwalimu."

"Unajua watasema Pareto ni wa nani."

"Najua. Ni wa kwetu."

Alivua miwani. Kisha Mwalimu Rose alirudi ukurasa wa mwisho, ambapo mashujaa watano walikuwa wanamfukuza Pareto mlimani kwa sauti moja, wote watano, kila mmoja na kiputo chake.

"Hapa msimfukuze," alisema. "Nimeona watu wakifukuzwa. Mwache aondoke mwenyewe, na lango libaki wazi."

Chebet alichora upya ukurasa ule jioni hiyo hiyo. Pareto anateremka peke yake, ameshika ndoo badala ya miche, na lango nyuma yake liko wazi. Ni ukurasa bora kuliko niliouandika, na sitaki mfikiri ni wangu.

Si kwamba toleo lile halina kasoro. Sehemu ya mwisho ilikimbizwa. Upepo ana kidole cha ziada, kwa sababu Chebet alipoanza kuchora mikono hakujua aachie wapi. Machweo ni ya zambarau. Na nilipigiwa simu na baba mmoja aliyeuliza kwa hasira kwa nini tumewaaibisha watu wetu. Nilikuwa nimelala siku nyingi nikiiogopa simu ile, na ilipokuja nilimwambia Pareto nimemwandika mimi, na jina langu la pili nikamtajia. Akauliza, sasa atarudi?

Nakala zilirudi muhula ulipoisha. Oti alizibeba kutoka getini na kabla hajaziweka tuliona. Pembe zilikuwa zimekunjika. Moja ilikuwa na doa la mafuta ya mandazi, nyingine ilifungwa kwa uzi pale pini zilipong'oka. Mwalimu Rose alikuja mwenyewe Section 58, mara ya kwanza kwa kumbukumbu yangu, akachukua moja na kuinusa. Ilinuka mafuta ya taa. "Hii imesomwa," akasema.

Zote zilifunguka zenyewe mahali pamoja, kwenye mkono. Na kwa kuwa ukurasa ule haukuwa na maneno, walikuwa wameweka yao. Walichora viputo kwa kalamu, vimepinda, vingine vikitoka moja kwa moja kwenye vidole. Kimoja kilisema, mwizi wa maji. Kimoja, mama alisema nisiache ikauke. Kimoja kilisema tu, nimechoka. Katika nakala moja kulikuwa na viputo vitatu vya miandiko tofauti: mimi pia nina kiu, basi ungeomba, nimeogopa kuomba.

Chebet alisoma hivyo vitatu kisha akatoka nje kidogo. Mimi niliuliza kama tuzifute kabla hazijaenda shule nyingine, kwa kuwa kanuni ni nakala ziende safi. Mwalimu Rose alisema zipelekwe hivyo hivyo. Kisha alikwenda nyuma ya mlango, akaisoma mizani yake mwenyewe kwa muda, na hakuibandua. Alikata kwa kalamu ule mstari wa kukubaliana wote sita, akaiacha mingine.

Kwa hiyo kazi ipo, na chumba kipo, na nyinyi mnakuja. Chebet hatachora ng'ombe. Mikono anaichora sasa kuliko inavyohitajika. Mzuieni kwa adabu. Mstari wa vimo bado uko mlangoni na sikuwahi kupata ujasiri wa kuuzungumzia. Huo ni wenu.

Kazi yangu ya mwisho nimeiacha mezani chini ya rula. Ni fremu ya kwanza ya toleo lijalo. Chebet ameshaichora kwa wino. Pareto amesimama kwenye lango la mlimani, ndoo mkononi, mdomo umefunguka. Ndani, wale watano wamegeuka. Nilijaribu kumwandikia neno kwa wiki nzima na nimefuta mpaka karatasi imekuwa laini. Kiputo chake nimekiacha kitupu. Mwandikieni kitu kimoja, kiwe chake peke yake, na wenzake wanyamaze mpaka amalize.